Nimerudi Bila Kovu, Nyumbani Hawaamini Kama Nilitibiwa

Admin, ukipandisha haya nifichie jina, maana wifi zangu wote wanafuatilia ukurasa huu.

Nina miaka 38, nimeolewa Handeni, kwetu ni Mnyuzi, Korogwe. Nina watoto wawili. Nilisoma hadi kidato cha nne, na tangu shule nina daftari ninaloandika kila siku: tarehe na kilichotokea, basi. Ndilo linalonisumbua leo.

Mwaka jana sikio la kushoto lilianza kuvuma, kisha likaacha kusikia kabisa. Kipimo kikaonyesha uvimbe mdogo kichwani, kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Daktari akasema Nairobi kuna mashine, mkono wa roboti unaozunguka kichwa na kuupiga uvimbe kwa mionzi, bila kisu. Nilimweleza mume wangu hivyo hivyo. Lakini habari ilipofika kwa mama mkwe ilikuwa imeshakuwa kupasuliwa kichwa. Nyumba ikajaa, kisomo kikasomwa, watu wakaniaga kama hawataniona tena. Mimi sikuwasahihisha. Nilikuwa naonewa huruma kwa mara ya kwanza ndani ya miaka kumi na minne ya ndoa, nikaona acha iwe hivyo. Hilo ni kosa langu.

Mume wangu alibaki na mavuno, nikaenda peke yangu. Matibabu yalikuwa siku tano. Wanakulaza, wanakufunika uso kwa wavu mgumu uliotengenezwa kwa sura yako, halafu wote wanatoka na mlango mzito unafungwa. Unabaki wewe na ule mkono. Hauumizi. Ila sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Mtaalamu mmoja wa kiume alikuwa akiniongelesha kupitia spika kwamba nitulie, wamebakisha kidogo. Sura yake hata sikuiona vizuri.

Niliporudi nilishuka stendi nikabeba begi mwenyewe. Asubuhi yake mama mkwe na shangazi wa mume wangu wakaja na chupa ya uji na maji ya moto, kuniosha kama anavyooshwa aliyepasuliwa. Wakanivua mtandio. Nywele zote zipo, kovu hakuna. Shangazi akanipapasa kichwa kama anachagua nazi, akasema, "Hata kuku akichinjwa huacha damu. Wewe mwenzetu umechinjwa wapi?" Akacheka. Mama mkwe hakucheka. Alichukua chupa yake ya uji akaondoka nayo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kunijulia hali. Nilitoa karatasi za hospitali, wifi akasema karatasi hata stendi zinachapwa. Wanauliza mbona sikio bado bovu. Nimeeleza kwamba uvimbe unakufa polepole na sikio huenda lisirudi, lakini nani anisikilize. Bombani wananyamaza nikifika. Wanasema nilikuwa na mwanamume. Hata mume wangu, niliyemweleza tangu mwanzo kwamba hakuna kisu, amehamia kulala upande wa sikio langu bovu. Kama huwa anasema kitu, sikijui.

Mwezi ujao natakiwa kurudi kupigwa picha, waone kama uvimbe umesimama au unakua. Juzi ndipo alipoongea: "Hutoki hapa mpaka nijue ulikuwa wapi. Nipe daftari lako nisome siku zile zote. Nikiridhika tutakwenda wote."

Daftari lina kila kitu: saa ya kuingia, rangi ya mlango, alichosema nesi. Lakini Ijumaa, siku ya mwisho, niliandika hivi: "Leo ile sauti imeniuliza, mama, umekula? Miaka yote hii hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza. Nimelia ndani ya wavu. Natamani kesho ningerudi tena."

Hakuna zaidi ya hapo, wallahi. Nikikutana naye njiani simjui.

Kuchana siwezi, kurasa nimezipa namba mwenyewe, ataona pengo. Nikimpa lilivyo, atafika Ijumaa. Nikimnyima, siendi kupigwa picha na kilichomo kichwani sitakijua.

Wanaume mlio kwenye ndoa, nawauliza ninyi hasa: mke wako akiwa ameandika maneno hayo, ungeona hospitali au ungeona mwanamume? Nimpe daftari, au nifanyeje? Nitasoma kila mtakachoandika. Hapa nyumbani sina mwingine wa kuongea naye.