Nauli ya Figo

Cadette, muuza samaki wa Kashikishi kando ya ziwa, alipewa figo na dada yake, kisha akakubali madaktari wamjaribie dawa mpya ya kuilinda. Dawa ilikuwa ya bure, lakini nauli ya kila safari ya kuifuata hospitalini Lusaka ilikuwa juu yake. Ackson, bwana yake wa ndoa, alikuwa ameshauza nyavu kwa ajili ya nauli hiyo. Asubuhi ya safari nyingine akaleta kituo cha basi pesa ya kuuza baiskeli yao.

"Na nikibaki?" Cadette akauliza.

"Bila dawa, mwili utaikataa figo," Ackson akajibu.

Cadette akampigia simu daktari wa jaribio lile. "Docteur, mwili nilishawapa. Sasa munataka na nyumba yangu?"

Daktari akasema angewaomba wakubwa wake walipe nauli, ila hawezi kuahidi. Basi likapiga honi. Cadette akapanda, simu ingali sikioni.