Takrima ya Maboga

Neno lililotuumiza vichwa msimu ule wa kampeni lilikuwa takrima. Mimi nafundisha uraia sekondari hapa Tunduma, na neno hilo nalijua pande zote mbili: nyumbani ni ukarimu kwa mgeni, kwenye uchaguzi ni jina la heshima la rushwa. Zamani sheria iliiruhusu, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu vile kwa kuwa vilivunja usawa uliomo kwenye Katiba. Darasani nayasema haya kifua mbele. Kwa shangazi yangu hayakuwa mepesi hivyo.

Shangazi analima kahawa, juu kidogo ya Mlowo, na alikuwa akigombea udiwani. Mpinzani wake, mwenye malori, alichinja ng'ombe kila aliposimama kuhutubia. Watu walikula, wakashiba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Shangazi akakataa kupika hata chai. Shida ni kwamba kwao mgeni haondoki na mdomo mkavu. Wapiga kura walikuja nyumbani kwake, wakakaa, wakachungulia jikoni, kisha wakaondoka wakinung'unika, "Mkono mtupu haulambwi."

Nilikasirika, nikapanda kwake Jumamosi.

"Shangazi, utashindwa kwa ajili ya kikombe cha chai! Chai siyo rushwa."

"Na ng'ombe wa yule?"

"Ng'ombe ni rushwa."

"Basi nionyeshe, mwanangu, chai inaishia wapi na ng'ombe anaanzia wapi."

Ndilo swali lile lile lililoifikisha takrima mahakamani. Tulibishana mpaka maharage yakaungua, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kesho yake alifanya jambo ambalo sijalisoma popote. Alifunga mlango wake, akaanza kuwafuata wapiga kura nyumba kwa nyumba. Sasa mgeni ni yeye, kwa hiyo kwa mila ile ile wao ndio waliopaswa kumlisha. Akala viazi, akanywa uji, akala ugali wa watu ambao hata hawakumpenda. Jirani yake mmoja, mama mjane mwenye ulimi mkali, alimpikia maboga. Nilimtania kwamba wapiga kura wamemhonga mgombea. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mla cha mwenzie na chake huliwa," akasema. "Waache wanidai."

Alishinda, tena kwa taabu, na mimi na utu uzima wangu nikarukaruka barabarani kama mwehu. Jinsi nilivyojivunia mwanamke yule siwezi kueleza.

Lakini ushindi wenyewe niliuona baadaye, kwenye mkutano wa kata. Barabara ilikuwa bado tope tupu na kahawa ilikwama njiani. Miaka ya nyuma watu walikuwa wakija kwenye mikutano ile kunyamaza tu, maana ni vigumu kumkaripia mtu uliyekula nyama yake. Safari hii yule mjane alisimama, akamnyooshea shangazi kidole mbele ya kata nzima.

"Maboga yangu ulikula. Barabara iko wapi?"

"Na viazi vyangu je?" mwingine akadakia. Uwanja ukalipuka, kila mtu anasema lake. Nilitaka kusimama nimtetee.

Shangazi hakuningoja. Diwani mzima aliinuka kwenye kiti cha mbele, akapiga goti kidogo kama binti aliyeitwa na mamaye, akamjibu mjane, "Abee, mama."