Siku Ukoo Wetu Ulipopimwa Mkojo

Kwetu kule Wamaza, mtu wa familia yetu akivimba miguu, watu walisema, "Ugonjwa wa kwa babu umeanza." Babu mzaa mama alikufa amevimba, na mjomba akamfuata. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya, aliporudi kutoka machimbo ya Salamabila uso umejaa mpaka macho hayaonekani, mama hakuuliza kitu. Aliketi chini akalia kama msiba umekwisha kuingia.

Yaya alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Wachimbaji walimletea dhahabu iliyoshikana na zebaki, wenyewe wanaiita merkiri, naye aliichoma juu ya makaa chumbani, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Moshi wote aliuvuta yeye.

Nikampeleka mjini Kasongo kwa pikipiki. Dereva mbele, yaya katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, matope yanaturukia. Kila tulipoteleza nilimbana kwa nguvu.

"Unanifinya kama tonge la bugali," akasema. Tukacheka, ingawa mimi nilikuwa karibu kulia.

Hospitalini, daktari, mama mmoja mpole, alichovya kikaratasi kwenye mkojo wa yaya. Rangi ikageuka.

"Protini inavuja," akasema. "Ndani ya figo kuna kichujio chembamba sana. Kinatoa maji na uchafu, lakini kinazuia vitu vizuri vya damu. Chako kinaachia."

Nikadakia: "Dokta, hii iko ya ukoo. Babu alikufa nayo."

"Inawezekana. Kuna watu wanarithi kichujio dhaifu. Lakini mutu anaweza kuzaliwa nacho kizima, kisha kitu cha nje kikakiharibu: ugonjwa, dawa fulani, sumu. Au vyote viwili vikakutana." Akamgeukia yaya. "Unafanya kazi gani?"

Yaya akamweleza habari za makaa na mlango uliofungwa.

"Basi, moshi ule uache leo. Damu ya babu yako siwezi kuibadilisha. Moshi naweza kukukataza."

Yaya akashusha pumzi ndefu. Nyumbani tulikuwa tumekwisha kumzika. Hapa mtu anamwambia kuna la kufanya.

Daktari akataka na sisi tupimwe: mama, mama mdogo, na sisi wa tumbo moja. Siku ya kupimwa tulijipanga nyuma ya hospitali, kila mtu na kikopo chake. Mama mdogo akagoma.

"Mimi nikojoe ndani ya kikopo, watoto wangu wakiniangalia?"

"Nani atakuangalia?" mama akamjibu. "Nenda!"

Akaenda, akarudi na kikopo kimejaa mpaka ukingoni, anakanyaga polepole kama amebeba sadaka madhabahuni. Tulicheka mpaka wagonjwa wengine wakacheka nasi.

Wote walikuwa salama, isipokuwa mimi. Kikaratasi changu kiligeuka kidogo. Mimi, mkulima wa karanga, sijawahi kugusa merkiri.

"Pengine hii ndiyo ya babu, pengine hapana," daktari akasema. "Hapa hatuna mashine ya kusoma urithi. Tutapima presha, utapunguza chumvi, utarudi."

Niliogopa. Lakini yaya aliacha moshi ule, na uvimbe wake ukapungua, wiki baada ya wiki. Asubuhi moja alitokea uani kwetu na uso wake wa zamani, mifupa ya mashavu imerudi mahali pake. Mama akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakiuliza nani amezaa. Sasa yaya anauza vitambaa, na dhahabu hataki hata kuisikia.

Mimi bado naenda Kasongo kupimwa. Mama mdogo hunisindikiza, ingawa yeye hana ugonjwa wowote; anapenda soko. Mara ya mwisho daktari alisema hali yangu haijazidi kuwa mbaya. Tulinunua samaki wabichi, mama mdogo akabishana na muuzaji mpaka wote wawili wakachoka, kisha tukapanda pikipiki, tukaimba nyimbo za kanisa njia nzima, na dereva akaitikia.