Kiondo Alichotagia Kuku

Soko la watalii pale Westlands lilitandazwa chini kwenye mashuka, nami nilizunguka na uso wa mtu mwenye shughuli. Vinyago, shanga, ngao za kutundika ukutani, vyote nilivipita. Nilikuwa natafuta kiondo kimoja tu, cha kudanganyia.

Dada yangu aliolewa Nairobi. Siku ya harusi mama mkwe wake, mama wa Kikikuyu wa Mutuini, alimpa mama yetu kiondo alichosuka mwenyewe, kimejaa maharage. Chombo cha watu hakirudi kitupu, na mama alijua. Lakini alikuwa na kinyongo kwamba mwanawe amepelekwa nchi ya mbali, akakikalia kiondo kile miaka minane. Dada akabaki katikati, akilaumiwa huku na huku. Hatimaye mama akalainika. "Kijaze mchele wa kwetu, umpelekee," aliniambia kule Morogoro. Sikuthubutu kumwambia kwamba kiondo nilishakitoa stoo nikampa kuku atagie. Nikasafiri na mchele kwenye mfuko.

"Sister, kuja uone, kuangalia ni free," muuzaji mmoja aliniita. Nilipomjibu akacheka. "Kumbe wewe ni wa TZ! Kiswahili imenyooka hivyo, si nikuuzie na bei ya mzungu?"

Nikanuna, halafu nikacheka na mimi. Alikuwa nacho: cha katani, chenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, kama kile kile. Ila kilikuwa na mikanda ya ngozi na zipu. Nikamwomba aving'oe, anitilie kamba.

"Mbona unaharibu kitu poa hivi?"

"Ni cha mama mmoja wa Mutuini."

"Na yeye husuka?"

"Husuka."

Aliweka kisu chini, akaniangalia. "Basi pole."

Heri ningemsikiliza. Lakini mimi nikishaanza uongo huwa nataka niumalize, na hiyo tabia imenigharimu mara nyingi.

Mutuini, yule mama alikipokea kwa mikono miwili. Alimimina mchele kwenye ungo, akaingiza mkono ndani, akapapasa kitako cha kiondo, pale msusi anapoanzia. Alipapasa polepole mno. Dada alisimama mlangoni na trei ya chai, hapumui.

"Hii si yangu," alisema, bila hasira. "Ile yangu sikununua uzi ya kuanzia hapa chini. Nilifumua sweta ya shule ya kijana wangu, ile ya mwisho. Mama yako alikuwa ananipea mtoto wake. Na mimi nilikuwa nampea wangu."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nikasema yote, mpaka kuku.

Akakipindua kiondo, akakiweka kando.

"Huyo kuku anaangua vizuri?"

"Vizuri, mama. Mara ya mwisho vifaranga kumi na mmoja."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Basi usimtoe kwa hiyo kiondo. Ambia mama yako nakuja mwenyewe, nione hao wajukuu."

Dada aliweka trei chini, akaanza kulia. Mimi nikaanza kufikiria nitamwambia nini mama.