Jogoo wa Kuhamia Boma

Adoyo alikuwa amechoka, na si uchovu wa kuchuma chai. Huo wa chai mtu hulala nao akaamka umepungua. Uliomkalia yeye ni uchovu wa kungoja jogoo.

Kwao, kule ziwani, mwanamume hahamii boma lake jipya mikono mitupu. Yeye hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza shoka, mkewe moto. Mila haisemi jogoo awe mnene wala awe mrembo. Awike tu alfajiri, watu wajue pale pana mji. Lakini nani angemwambia Joab? Mumewe huyo, mtu wa mashine kiwandani upande wa Boito, alikuwa na kiwanja kwao kilichoota magugu miaka na miaka, naye bado anatafuta jogoo wa kukifaa.

Basi nyumba yao ya laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, chumba kimoja na jiko, ikageuka ya kuku. Joab alisafiri hadi Londiani kuleta jogoo mkubwa wa watu wa msitu. Akaenda Silibwet kuleta mitetea ya madoadoa. Akawapandisha, akachagua vifaranga, akawapandisha tena. Huyu ana kifua lakini miguu myembamba, chinja. Yule shingo ni dhahabu tupu lakini mkia kama ufagio uliokwisha, chinja. Mvua ya alasiri ikianza, na huku haikosi, kuku wote waliingia jikoni na Adoyo akapikia katikati ya mavi. "Mwaka ujao, Mama Opiyo," ndiyo ilikuwa sala ya Joab. Opiyo mwenyewe alishaota ndevu, anataka kuoa, na hana pa kujenga kwa sababu baba yake hana boma.

Mwaka wa sabini na nne jogoo akapatikana. Haki ya Mungu, alikuwa mzuri: shingo nyekundu, mabawa rangi ya asali, mkia mweusi wa kumetameta kijani, na uzito wa kuchosha mkono. Hata Bosire, jirani yao Mkisii asiyesifu kitu, alisimama akamtazama. Adoyo akaanza kufunga vyombo. Joab naye akamzunguka jogoo wake kutwa nzima, kisha akasema kilemba kimelala upande. Azalishe kwanza, huenda mwanawe akatoka sawa.

Mwezi huohuo Apiyo wa laini ya chini alifariki. Alikuwa amechuma chai mpaka akazeeka, na kwa kuwa mumewe hakuwahi kuhamia boma lake, walimzika kando ya ua wa shemeji yake, kama mpita njia. Adoyo alikwenda matangani, akauona ua huo.

Jumamosi iliyofuata mwinjilisti Kepher alibisha hodi, amekuja kuwaombea. Mgeni kama huyo haondoki bila kuku, hilo hata mtoto anajua. Adoyo aliingia jikoni. Mkono ukampita mtetea wa kwanza, ukampita wa pili, ukamshika jogoo. Ulikuwa umechoka mno.

Joab alirudi kutoka kazini, akanawa, akaketi na mgeni. Firigisi ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo aliwekewa yeye, na ilijaza kiganja. Akaitazama, akajua. Lakini adabu ni adabu: alingoja Kepher ale, aombe, aage. Ndipo akasema polepole, "Huyu alikuwa wa boma."

"Boma gani, Baba Opiyo?"

Adoyo alijiandaa kwa ugomvi. Maneno alikuwa nayo, ya miaka yote hiyo. Lakini Joab hakupandisha sauti.

"Naogopa," alisema. "Nilitoka kule kijana. Walionijua wamekufa. Nikihama nitakuwa mzee mgeni katikati ya magugu. Hapa najua mashine yangu, najua kuku wangu."

Adoyo akaketi. Hasira ikamtoka yote, ukabaki uchovu peke yake.

"Mimi naogopa ua wa shemeji," akasema.

Joab akaila ile firigisi, ikiwa imeshapoa, mpaka ikaisha.

"Bosire ana jogoo," alisema mwishowe. "Mweupe, amenyonyoka mgongo mzima. Lakini anawika."

"Nenda kamwombe sasa hivi," Adoyo akamwambia, "kabla hujaanza kumtafutia kasoro."