Imefika

Kwa miaka kumi na mmoja mshonaji alimdanganya mumewe mara moja kwa mwaka, tena kwa mapenzi.

Kila msimu wa baridi ulipokaribia, mumewe, seremala, alipanda juu ya paa na kuteremsha brashi kwa kamba ndani ya dohani, bomba la moshi, kusugua masizi. Kazi ya mkewe ilikuwa kukaa mbele ya meko, shingo kaipinda kama kuku aliyesikia mwewe, na brashi ikionekana aite, "Imefika!" Mzee yule alikuwa mbishi, bila neno hilo hashuki ng'o. Naye mke, roho mkononi kwa jinsi vigae vilivyoteleza, alisubiri kidogo tu kisha akaita, "Imefika, baba watoto! Shuka!" Brashi yenyewe hajaiona.

Sasa mzee hayupo. Kifua kilimchukua miezi mitatu iliyopita. Binti yao amekuja na mtoto mchanga, na nyumba ni baridi kama kisima. Mshonaji akakataa kumwita fundi. Alitandika shuka kuukuu, akajifunga kitambaa puani, akaunganisha fimbo za brashi moja baada ya nyingine, akasukuma kutoka chini. Binti alisimama uani na mtoto mgongoni, aangalie brashi ikitokeza juu.

Fimbo ya tatu ikagota kwenye kona. Akasukuma kwa nguvu, likaporomoka pande la masizi, gumu, tabaka juu ya tabaka. Brashi ya mzee haikuwahi kupita pale hata siku moja.

"Mke wangu, moshi unarudi ndani," mzee alikuwa akisema huku akikohoa.

Naye alimtania: "Moshi gani? Uzee huo. Sogea motoni upate joto." Kiti alimsogezea mwenyewe.

Husemwa siku ikifika imefika. Labda. Mshonaji alilia kwa sauti, pande lile mapajani, akimwomba radhi mtu asiyeweza tena kumjibu.

"Mama!" binti aliita kutoka uani, amesikia kilio. "Imetoka! Imetoka mama, pumzika sasa!"

Mshonaji akaishika fimbo. Ilikuwa bado imekwama palepale.

"Bado, mwanangu," akasema. "Usiniambie imetoka mpaka uione."

Akafuta machozi kwa mkono wenye masizi, akasukuma tena.