Gego Atafuta Wenzake

Nyuma ya kliniki moja ya meno palikuwa na karakana ndogo, dirisha moja, meza mbili, na vumbi la plasta lililotanda juu ya kila kitu mithili ya unga. Humo alifanya kazi mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, fundi wa meno ya bandia, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimsifu mtu. Ukimletea habari, alikusikiliza hadi mwisho, akabenua mdomo wa chini, akasonya. Daktari wa kliniki alishazoea na aliuhesabu msonyo ule kuwa ni salamu.

Dharau hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa, na wa kwanza kumfundisha alikuwa kaka yake.

Alikuwa na miaka saba baba yao alipoleta nyumbani mashine ya gemu, imetumika lakini nzima, yenye pedi mbili. Kaka alishika moja, akamkabidhi mdogo wake nyingine, wakaketi sakafuni mbele ya televisheni. Wiki nzima binti alibonyeza vidole vikawa vyekundu. Mtu wake aliruka mashimo, alipiga maadui, akafika mwisho wa safari, naye akalala kila siku akijiona shujaa. Siku ya nane aliuvuta waya wa pedi yake ili asogee nyuma kidogo, na waya wote ukamjia mkononi. Ncha yake haikuwa imechomekwa popote.

"Kwani ulikuwa hujui?" kaka aliuliza, macho hayajabanduka kwenye kioo. "Ungeniharibia."

Hakulia. Alingoja kaka aende mpirani, akachomeka waya mwenyewe, akaanza upya kutoka mwanzo. Haikupita miezi mitatu kaka akawa hamwezi tena, na papo hapo akatangaza kwamba gemu ni mambo ya kitoto. Leo kaka huyo ana mke, ana kitambi, na kila palipo na wageni hujigamba kuwa ndiye aliyemfundisha dada yake kucheza. Mwamba ngoma huvutia kwake. Dada husonya, wageni wakadhani kuna kitu kimemkwama kwenye meno.

Kazini mikono yake haikuwa na mpinzani. Alichonga nta, akapanga meno madogo kama punje za mahindi, akayasugua na kuyang'arisha mpaka mwenye kinywa asijue yapi ya Mungu na yapi ya karakana. Jioni alirudi kwenye chumba chake chenye kitanda, jiko la gesi, na skrini iliyokuwa kubwa kuliko kabati la nguo. Mama yake alipomtembelea aliitazama skrini hiyo kwa muda, halafu akaketi kitandani.

"Mwanangu, wenzako wana waume. Wewe una televisheni."

"Televisheni naizima nikichoka, mama."

Gemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mapigano: watu wawili, wa ngumi au wa silaha, raundi tatu, basi. Kwenye mtandao alijiita Gego, jina ambalo fundi wa meno hahitaji kulitafuta mbali. Alicheza bila kusema. Zamani aliwahi kuvaa kipaza sauti, akajuta. Mtu wa kwanza kuisikia sauti yake alimuuliza kama mumewe yuko karibu. Wa pili aliomba picha. Wa tatu alijilegeza makusudi ili Gego ashinde, na kwa Gego hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko mawili ya mwanzo. Kipaza sauti akakitia kwenye droo.

Lakini kudharau peke yako nako kunachosha. Mtu hufika mahali akatamani mwenzake wa kudharau naye. Ndiyo maana alijiunga na kundi la simu la wachezaji wa mji ule, watu wapatao arobaini, chini ya mmoja aliyejiita Kamanda. Walipambana mtandaoni kila jioni, na baada ya miezi michache jina la Gego likawa halitajwi bila adabu. "Gego ni jembe," waliandika. "Gego bwana, nifundishe ule mkono wako." Yeye alijibu kwa alama ya kidole gumba, basi. Kadiri alivyonyamaza ndivyo walivyozidi kumwona mkubwa.

Kamanda alipowaita wote wakutane Jumamosi mchana, katika ukumbi wa gemu uliokuwa juu ya duka la magodoro, Gego alivaa viatu vizuri, akaenda.

Alikuta viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika, harufu ya soksi, na wanaume wazima wanaopigiana kelele kana kwamba kila mmoja yuko ng'ambo ya mto. Kamanda alikuwa na ndevu zilizochongwa kwa rula na fulana yenye jina lake mgongoni, pengine asije akalisahau. Alimpandisha na kumshusha.

"Karibu, shemeji. Mtu wako anacheza mashine gani?"

"Sina mtu hapa. Mimi ndiye Gego."

Walicheka kwa namna ya kustaajabu tu, kama watu waliosikia mbuzi akiomba maji.

"Gego amekutuma?" Kamanda aliuliza. "Ni mumeo au kaka yako?"

Gego alivuta kiti, akaketi, akachukua pedi. Kamanda akaketi pia, akiwakonyeza wenzake. Raundi mbili zilikwisha kabla Kamanda hajajiweka sawa kitini. Pedi ina hitilafu, alisema. Wakabadilishana pedi, akapigwa tena. Jua linapiga kwenye kioo, alisema. Mtu mmoja akashusha pazia, na mara ya tatu Kamanda alipigwa bila hata ngumi moja kumfikia mwanamke yule. Mmoja aliyekuwa nyuma, mwenye sauti ya mtu aliyegundua jambo, akasema:

"Mnaona? Huu ni mkono wa Gego kabisa. Jamaa kamfundisha vizuri."

Wote wakapumua. Ndiyo, kamfundisha vizuri. Wakaanza kumsifu Gego, mwanaume asiyekuwepo, asiyewahi kuwepo, aliyeweza kumshinda Kamanda hata kwa mkono wa mkewe.

Fundi aliweka pedi chini, akajifuta viganja kwa leso. "Nitamfikishia salamu," alisema, akateremka ngazi. Alipita kati ya magodoro, akajitoa kwenye kundi kabla hajafika barabarani. Debe tupu, alijisemea, na haya ni arobaini. Lakini jioni ile hakuwasha skrini, na supu yake aliinywa imepoa.

Mwezi uliofuata daktari alimletea sahani ya meno ya bandia ya taya la chini, imepasuka katikati. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa miaka sitini na minane. Fundi aliiunga. Wiki tano baadaye ilirudi imepasuka palepale. Akatengeneza mpya, nene zaidi. Nayo ikarudi. Alikuwa anawadharau wagonjwa wanaodanganya kuliko wote, na huyu bila shaka alikuwa anavunja mifupa ya ng'ombe kisha anasema alikuwa anakula uji. Akamwambia daktari, mara hii aje mwenyewe huku nyuma.

Mwalimu alikuja akiwa amenyooka mgongo, kaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, mama. Unatafuna nini?"

"Marahaba. Ninachotafuna ni chakula."

"Chakula hakivunji sahani mara tatu. Usiponiambia ukweli nitatengeneza ya tatu, na ya nne, mpaka tuzeeke wote."

Mwalimu aliangalia mlango, akaona umefungwa. "Huwa nayauma nikiwa nimekazana," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mzee mmoja mwenye mkuki ananisumbua. Raundi ya tatu."

"Mzee gani?"

"Wa kwenye gemu, binti."

Fundi alibenua mdomo. "Gemu ya simu? Zile za kupanga peremende?"

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeambiwa saba mara nane ni hamsini na nne. Akautoa mtandio mdomoni, hana jino hata moja chini, akasema pole pole:

"Anapiga chini, chini, anasita, kisha juu. Ukikurupuka kuzuia juu mapema, umekwisha."

Mashine ya kung'arishia ilikuwa bado inazunguka. Fundi alinyoosha mkono akaizima. Mzee huyo mwenye mkuki alimjua vizuri, alikuwa wa gemu yake ile ile, na kule kusita kwake hakuwahi kumsikia mtu yeyote akikutaja.

"Hasiti," alisema hatimaye. "Anavuta pumzi. Ukimtazama bega utaona."

"Njoo Jumamosi, saa nane," alisema Mwalimu, akajiziba tena mdomo. "Na meno yangu njoo nayo."

Sebuleni kwa Mwalimu viti vilivikwa vitambaa vya kufuma, na ukutani zilining'inia picha za madarasa aliyofundisha, mamia ya watoto waliokaza nyuso. Mashine ilifichwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Miaka ishirini iliyopita alimnyang'anya mwanafunzi gemu ndogo ya mkononi, akaipeleka nyumbani aone ni kitu gani hicho kinachomla mtoto akili. Mwisho wa muhula aliirudisha, akaenda kununua ya kwake. Watoto wake, watu wazima wenye kazi zao, waliamini mama yao ana usingizi mzito wa mchana. Aliyejua ni wifi yake peke yake, mkunga mnene mwenye kicheko kikubwa, naye pia alikuwa hapo Jumamosi ile, pedi mkononi, viatu kavua.

"Huyu ndiye fundi?" aliuliza Mkunga. "Nilidhani mtu mkubwa."

"Tutaona ukubwa wake," alisema Mwalimu.

Wakauona. Gego alipigwa mara ya kwanza, akasema moyoni ni ugeni wa pedi. Akapigwa ya pili. Ya tatu alitaka kusema kioo kina mwanga mwingi, akakumbuka ni nani aliyewahi kusema hivyo, akaufumba mdomo. Mara zilipofika sita, Mwalimu aliegemea kiti.

"Unabonyeza kama mtu anayeua siafu. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana. Umekuwa ukipiga watu wabovu, ukadhani wewe ni mzuri. Nimefundisha watoto wengi wa aina hiyo. Wa kwanza darasani, na darasa lenyewe la mwisho."

Mkunga alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi aliaga kwa adabu, akaondoka na uso wa moto. Arobaini wa ukumbini hawakumuumiza hivi, maana maneno yao yalikuwa upuuzi. Haya yalikuwa kweli. Njiani aliwasonya wote: bibi, wifi yake, vitambaa vyao vya kufuma. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Ya pili yake hakwenda pia. Kila jioni aliwasha skrini, akamchagua mzee mwenye mkuki awe mpinzani wake, akamtazama bega. Mzee hakuwa anavuta pumzi. Alikuwa anasita, kama alivyosema Mwalimu.

Alipokwisha kulikubali hilo, siku moja baada ya kazi alibaki karakanani. Alichukua umbo la plasta la taya la Mwalimu, akachagua mpira laini, akatengeneza kinga ya fizi kama ya mabondia, isiyo na jino hata moja. Jumamosi saa nane aligonga mlango, akaitoa ikiwa kwenye karatasi.

"Meno uyavue ukicheza. Uma hii."

Mwalimu aliigeuza huku na huku kama anayesahihisha daftari, akavua meno, akaiweka kinywani, akauma. "Inafaa," alisema, na kwa kinga ile neno lilitoka kama la mtu mwenye donge la ugali. Akamsogezea pedi. Hawakuzungumza tena juu ya zile Jumamosi mbili.

Walishakuwa wanne, kwa sababu Mkunga alimleta mama mmoja dereva wa kreni aliyemzalisha watoto wawili, pale simu ya Gego ilipoingiza ujumbe wa Kamanda. Mkunga aliusoma kwa sauti: "Kaka Gego, umepotea. Tunaandaa siku ya kina dada ukumbini, tumepaka mashine tatu rangi ya waridi. Tuletee shemeji wetu awatie moyo wenzake. Mwambie hatutampiga sana." Chini yake Kamanda aliweka video ya pambano lake mwenyewe, ili shemeji ajifunze.

Waliitazama yote, vichwa vinne juu ya kioo kidogo. Dereva wa kreni ndiye aliyesema kwanza.

"Mkono wa kushoto kaufunga?"

"Hajui kama anao," alisema Mwalimu.

"Mwacheni," alisema Mkunga. "Mnaona ndevu? Muda wote umekwenda huko."

Gego alisikia sauti ikimtoka, akashtuka kuwa ni kicheko. Alicheka hadi machozi, na kila alipotaka kunyamaza mmoja wao aliongeza neno baya zaidi juu ya Kamanda, juu ya rangi ya waridi, juu ya kaka zao na waume zao na mabosi wao wote waliowahi kuwaelekeza jambo wasilolijua. Miaka yote hiyo alidhani ulimi wake ndio mkali kuliko zote. Kumbe hapo sebuleni ulikuwa wa nne.

Ujumbe hawakuujibu. Mwalimu aliuliza kama wamekuja kusoma barua au kucheza, na dereva wa kreni akavuta kiti mbele.

Kwa sasa Gego ameshinda mara kumi na moja, ameshindwa hamsini na kitu. Akiulizwa na daktari mbona siku hizi anawahi kufunga karakana Jumamosi, hubenua mdomo na kusema ana mkutano na walimu wake. Daktari hucheka akidhani ni mzaha. Gego anamsonya, anachukua mkoba wake, anatoka.